Kuendesha programu ya Windows katika kompyuta yenye Linux: mwongozo kwa maduka na ofisi za Unguja na Pemba

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, kompyuta nyingi zilizomo madukani, maskulini na maofisini mwetu zimebaki mguu ndani, mguu nje. Haziwezi kupanda Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za mtumba zilizoundwa kabla ya mwaka 2015 hazina. Kwa mwili wake mashine ni nzima: diski inasoma, kibodi haina hitilafu, skrini inaonesha vizuri. Kuitia Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ni kazi ya saa moja au mbili, na baada ya hapo mashine hurudi kuwa nyepesi. Kinachomzuia mwenye duka si Linux yenyewe, bali ni programu moja tu aliyoizoea na ambayo ndani yake mna hesabu zake za miaka: programu ya akiba ya dawa, ya matokeo ya wanafunzi, au ya wadaiwa.

Mwongozo huu unahusu programu hiyo moja. Nimeifanya kazi hii Chake Chake na Wete, na mara kwa mara Mjini Unguja, na ninaamini kwamba mara nyingi programu hiyo inaweza kuhamia Linux ikiwa na hesabu zake zote, ilimradi fundi asiifute Windows ya zamani kabla hajajua hasa anachokihamisha.

Wine inafanya nini

Chombo tutakachokitumia kinaitwa Wine. Jina hilo lisimtie mtu shaka, kwani halitokani na mvinyo. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba chombo hiki si kiigaji. Kilianza kutengenezwa mwaka 1993 kwa ajili ya programu za Windows 3.1, na tangu mwaka 1994 kazi hiyo imekuwa ikiongozwa na Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 17 Juni 2008, baada ya miaka kumi na tano ya kazi, wakati ambapo sisi Unguja tulikuwa gizani kwa wiki kadhaa kwa kukatika umeme wa kebo ya baharini. Wine ni programu huria, haiuzwi, na kila mwaka hutolewa toleo jipya lililo imara.

Maana ya kusema kwamba si kiigaji ni hii. Programu ya Windows ina mambo ya aina mbili ndani yake. Kwanza mna maagizo ya kichakataji, yaani kujumlisha, kulinganisha na kuhamisha tarakimu. Haya kichakataji hicho hicho huyatekeleza sawasawa, iwe mashine ina Windows au Linux. Pili mna maombi kwa mfumo endeshi: nifungulie faili hili, nichoree dirisha, nipelekee ukurasa huu kwenye printa. Maombi haya ndiyo ambayo Linux haiyajui, kwa kuwa yana majina na taratibu za Windows. Wine imeandika upya majibu ya maombi hayo, moja baada ya jingine. Ni kama mteja anayekwenda kwenye kaunta yake ya siku zote akamkuta karani mwingine, lakini karani huyo anazijua fomu zile zile kwa majina yale yale, na nyuma ya pazia anakwenda kulitafuta jalada kwa utaratibu wa ofisi yake mpya. Kwa hiyo programu iliyomo ndani ya Wine haiendi polepole kama ilivyo kwa kompyuta ya bandia (kompyuta nzima inayoigizwa ndani ya nyingine), wala haihitaji kuwapo kwa Windows yenyewe au leseni yake.

Kutokana na maelezo hayo unaweza kukisia mahali ambapo Wine itashindwa. Ombi ambalo karani hajajifunza bado, programu itakwama hapo. Programu inayotaka kupenyeza kiendeshi, yaani programu ya kuongozea kifaa, ndani ya kiini cha Windows haitapata pa kukipenyeza, kwa kuwa kiini kilichopo ni cha Linux. Na kompyuta ambayo kichakataji chake ni cha jamii ya ARM haielewi maagizo ya jamii ya Intel na AMD, hivyo huko Wine peke yake haitoshi, na panahitajika chombo kingine cha kutafsiri maagizo yenyewe.

Kabla ya kuigusa Windows ya zamani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu makosa mengi hutokea kabla hata Wine haijawekwa.

Duka moja la dawa la Chake Chake lilikuwa na programu ya akiba iliyonunuliwa kwenye diski ya CD miaka mingi nyuma. Nilifanya kama fundi yeyote angefanya: nikaingia katika folda ya Program Files, nikaikuta folda ya programu, nikaona humo faili kubwa lenye hesabu, nikalinakili. Nilipolifungua katika kompyuta nyingine, nilimuuliza mwenye duka, "Ami, hesabu zako ndizo hizi?" Akazitazama kwa muda, kisha akanijibu, "Hizi ni zangu, mwanangu, lakini ni za mwaka ule nilioifungua programu. Za baadaye ziko wapi?"

Za baadaye zilikuwapo, ila si pale. Kuanzia Windows Vista, Windows hairuhusu programu ya mtumiaji wa kawaida kuandika ndani ya Program Files. Ili programu za zamani zisife, Windows huzidanganya: huzikubalia kuandika, lakini kile zinachokiandika hukipeleka kwenye folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore, ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Programu huliona faili moja. Fundi anayepita nje huliona jingine. Njia yake ni hii:

C:\Users\jina\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\

Basi kagua huko kwanza, na ukague kwa kila jina la mtumiaji lililomo katika mashine, kwani duka lenye wauzaji wawili walioingia kwa majina tofauti laweza kuwa na mafaili mawili ya hesabu. Kagua pia C:\ProgramData. Kisha fungua faili ulilolinakili, au litazame tarehe yake ya mwisho kubadilishwa, na uhakikishe kwamba ni ya jana au ya leo. Usikubali kuendelea kabla ya hapo.

Kusanya pia diski au faili la kusakinishia, namba ya leseni kama ipo, na uandike kwenye karatasi mpangilio wa tarehe unaotumiwa na Windows hiyo. Hilo la tarehe nitalirudia. Mwisho, itoe diski ya zamani uiweke kando nzima kama ilivyo, na Linux uiweke kwenye diski nyingine. Diski mpya ndogo ya SSD si ghali ukiilinganisha na daftari la duka lililopotea.

Kuweka Wine na kuijengea programu chumba chake

Nitachukulia kwamba umeweka Linux Mint, Ubuntu au Debian, ambazo ndizo ninazozitumia kwa wateja. Fungua dirisha la amri, kisha andika:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine64 wine32:i386 winetricks

Mstari wa kwanza unairuhusu Linux ya biti 64 ipokee pia vifurushi vya biti 32, kwa sababu programu nyingi za zamani ni za biti 32. Ukitaka kujua programu yako ni ya aina gani, nenda kwenye folda lilimo faili lake na uandike:

file setup.exe

Jibu likiwa na PE32, hiyo ni ya biti 32. Likiwa na PE32+, ni ya biti 64. Likiwa na herufi NE, hiyo ni ya biti 16, ya enzi za Windows 3.1. Usikate tamaa ukiiona hiyo ya mwisho. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 hata kidogo, lakini Wine bado inaziendesha, na zipo programu za biti 32 ambazo kisakinishi chake ni cha biti 16. Kwa hiyo hutokea programu ikakataa kusakinishwa katika Windows mpya ikakubali katika Linux.

Sasa tuingie katika jambo ninaloliona kuwa ndilo nguzo ya kazi yote. Wine huiweka Windows yake ya kuazima ndani ya folda moja: humo mna diski C yake, mna rejista yake (daftari la ndani ambamo Windows huandika mipangilio), mna mipangilio yake yote. Usipoiambia lolote, itaijenga folda hiyo kwa jina la .wine nyumbani kwa mtumiaji, na kila programu utakayoisakinisha itaingia humo humo. Wengi huachia hapo. Mimi nakushauri usifanye hivyo, bali kila programu uijengee folda yake peke yake, ambayo katika mwongozo huu nitaiita chumba. Programu ya akiba ikihitaji maktaba (faili la msaada ambalo programu hulitegemea) ya zamani na programu ya mishahara ikihitaji mpya, hazitagombana. Na chumba kimoja kikiharibika, unakibomoa bila kukigusa cha jirani. Mwanzoni mwa kazi yangu niliziweka programu tatu za ofisi moja katika folda moja, nikabadilisha maktaba moja ili kuiponya mojawapo, na mbili zilizobaki zikaacha kufunguka siku ile ile. Tangu hapo sijarudia.

Chumba cha programu ya dawa, kwa mfano, hujengwa hivi:

mkdir -p ~/vyumba
export WINEPREFIX=$HOME/vyumba/dawa
export WINEARCH=win32
wine wineboot

Mstari wa pili unakitaja chumba, na wa tatu unasema kiwe cha biti 32. Amri hizo mbili za export zinafanya kazi katika dirisha hilo la amri tu. Ukilifunga ukafungua jingine, lazima uitaje tena WINEPREFIX, ama sivyo utajikuta unasakinisha katika folda ya kawaida huku ukidhani umo chumbani. Aina ya biti huchaguliwa siku ya kujenga tu, haibadilishwi baadaye. Baadhi ya matoleo mapya ya Wine yaliyojengwa kwa namna mpya yanaweza kukataa chumba cha biti 32 tupu. Yakikataa, ondoa mpangilio huo kwa unset WINEARCH, ujenge chumba cha kawaida, ambacho programu za biti 32 nazo huingia. Wine ikikuomba kupakua Mono, mbadala wa jukwaa la .NET la Microsoft, ikubalie kama programu yako ni ya .NET; kama sivyo, unaweza kuikatalia ukaokoa bando.

Kisha nenda kwenye folda lenye kisakinishi na uandike:

wine setup.exe

Kisakinishi kikiwa cha aina ya msi, andika wine msiexec /i ikifuatiwa na jina la faili. Utaona madirisha yale yale uliyoyazoea, na mwishoni programu itakuwa ndani ya vyumba/dawa/drive_c/Program Files. Wine huiongeza pia kwenye menyu ya Linux.

Programu isipofunguka, usibofye alama yake mara kumi. Iendeshe kutoka katika dirisha la amri na uyasome maneno yanayotoka. Mistari inayoanza na fixme ni mingi na kwa kawaida haina madhara, kwani ni kumbukumbu za watengenezaji wa Wine wenyewe. Itafute mistari inayoanza na err, hasa inayosema kwamba maktaba fulani haikuonekana. Ukisoma kwamba MFC42.DLL haipo, kwa mfano, dawa yake ni:

winetricks mfc42

Winetricks ni msaidizi anayeleta maktaba za Microsoft na kuziweka chumbani mahali pake. Programu nyingi za maduka za miaka ya mwisho ya 1990 na ya 2000 ziliandikwa kwa Visual Basic 6 na hesabu zake zimo katika faili la Access lenye mwisho wa mdb. Kwa hizo, tiba ambayo mara nyingi imenifaa ni amri hii moja, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kutaka chumba cha biti 32, kwa kuwa jet40 ni ya biti 32 tu:

winetricks vb6run mdac28 jet40 corefonts

Ya mwisho, corefonts, inaleta fonti, yaani sura za herufi, kama Arial na Times New Roman, ambazo zikikosekana maandishi ya ripoti husogea na namba hukatwa ukingoni. Mafaili yaliyopakuliwa hubaki katika folda ya .cache/winetricks, na unaweza kuyanakili kwa flashi kwenda kompyuta inayofuata ili usiyapakue tena. Kwa fundi anayezunguka na bando lake mwenyewe kutoka Mkoani hadi Konde, hilo si jambo dogo.

Ikiwa programu inalalamika kuhusu toleo la Windows, andika wine winecfg, na katika dirisha litakalofunguka chagua Windows XP au Windows 7. Katika dirisha hilo hilo, kwenye sehemu ya michoro, unaweza kuongeza ukubwa wa maandishi kwa mwenye macho yaliyochoka.

Tarehe

Programu imefunguka, hesabu zimeonekana, mwenye duka anatabasamu. Usifunge begi bado.

Wine haina mpangilio wake wa nchi. Huuchukua kutoka katika Linux. Windows nyingi tunazozikuta madukani ziliachwa katika Kiingereza cha Marekani kama zilivyotoka, kwa hiyo tarehe zake huanza na mwezi. Linux uliyoiweka kwa uangalifu, ukachagua mpangilio wa Uingereza au wa Tanzania, itaanza na siku. Programu iliyoandikwa bila uangalifu, ambayo inaihifadhi tarehe kama maandishi, itaisoma 03/04/2027 kuwa tarehe 3 Aprili wakati iliandikwa kwa maana ya tarehe 4 Machi. Haitatoa onyo lolote, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Katika duka la nguo kosa hilo lingeharibu ripoti tu. Katika duka la dawa, tarehe hiyo ni ya mwisho wa matumizi, na dawa iliyokwisha muda inaweza kukaa rafuni mwezi mzima ikionekana bado nzima, akapewa mgonjwa.

Kwa hiyo ile karatasi uliyoiandika mwanzoni itoe sasa. Programu ipewe mpangilio ule ule iliokuwa nao katika Windows ya zamani, bila kujali Linux yenyewe imepangwa vipi. Njia nzuri ni kuiandikia faili dogo la kuiwashia, ambalo nitaliita dawa.sh:

#!/bin/sh
export WINEPREFIX=$HOME/vyumba/dawa
export LC_ALL=en_US.UTF-8
cd "$WINEPREFIX/drive_c/Program Files/Dawa"
exec wine Dawa.exe

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x dawa.sh, na uiweke alama yake kwenye skrini badala ya ile iliyoundwa na Wine. Mpangilio wa en_US lazima uwe umezalishwa katika Linux; orodha ya iliyopo huonekana kwa amri ya locale -a. Mstari wa cd nao una kazi, kwani programu nyingi za zamani huyatafuta mafaili yake katika folda zilipoanzishiwa na si kwingine. Ukimaliza, chukua maboksi kumi ya dawa kutoka rafuni, hasa yale ambayo siku na mwezi wake vyote havizidi 12, ulinganishe tarehe iliyopigwa kwenye boksi na ile iliyomo kwenye skrini. Fanya hivyo pamoja na mwenye duka, si peke yako.

Printa na vifaa vingine

Printa isakinishe katika Linux kwanza, uijaribu kwa ukurasa wa Linux, na Wine itaiona yenyewe. Usihangaike kusakinisha kiendeshi cha Windows cha printa ndani ya chumba, hakitafanya kazi. Skana ya barkodi ya USB kwa kawaida haihitaji chochote, kwa kuwa hujitambulisha kama kibodi na huandika namba mahali kishale kilipo.

Printa ndogo za risiti ndizo zinazotaka maarifa kidogo. Programu za zamani hupeleka maandishi moja kwa moja kwenye mlango wa LPT1. Kama printa yako ni ya USB na Linux inaiona kwa jina la /dev/usb/lp0, iunganishe kupitia rejista ya chumba: endesha wine regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, ongeza neno LPT1 na thamani yake iwe /dev/usb/lp0. Kisha mtie mtumiaji katika kundi la printa:

sudo usermod -aG lp $USER

Mizani au kifaa kingine cha waya wa mfululizo, kinachoonekana kama /dev/ttyUSB0, hupewa jina la COM katika rejista ya chumba: endesha wine regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, ongeza neno COM1 na thamani yake iwe /dev/ttyUSB0. Kundi la mtumiaji kwa kifaa hicho ni dialout. Baada ya kubadili kundi, toka na uingie tena, la sivyo mabadiliko hayataonekana.

Kilichobaki ni kile kifunguo cha USB ambacho baadhi ya programu za gharama kubwa hukidai kabla hazijafunguka. Kwa kawaida kinataka kiendeshi ndani ya kiini cha Windows, na kwa sababu niliyoieleza mwanzo, Wine haitakipatia. Mweleze mteja mapema, kabla hajakulipa.

Virusi, ruhusa na akiba

Watu husikia kwamba Linux haishikwi na virusi vya Windows, wakachomeka flashi yoyote. Ndani ya Wine usemi huo si kweli. Wine ikiweza kuendesha programu ya Windows, inaweza pia kuendesha kirusi cha Windows, na kila chumba kina diski iitwayo Z ambayo ni mlango wa kuingia katika mafaili yote ya Linux ambayo mtumiaji ana ruhusa nayo. Iondoe Z kupitia winecfg baada ya kusakinisha. Hiyo inapunguza hatari, haiimalizi, kwa sababu Wine haikuundwa kuwa uzio wa usalama. Lililo muhimu zaidi ni kwamba usiendeshe Wine kwa sudo hata siku moja. Kosa dogo la ruhusa lisikushawishi, kwani ukifanya hivyo unampa mgeni ufunguo wa nyumba nzima.

Uzuri wa chumba ni kwamba akiba yake, yaani nakala ya tahadhari, ni rahisi. Funga programu, kisha:

wine wineboot -e
tar -czf dawa-akiba.tar.gz -C $HOME/vyumba dawa

Faili hilo moja lina programu, mipangilio na hesabu pamoja. Kompyuta ikiharibika, utalifungua katika nyingine yenye jina lile lile la mtumiaji na Wine isiyopungua toleo, na programu itafunguka. Angalizo ni moja: folda ya nyaraka iliyomo chumbani kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekea folda ya nyaraka ya Linux, na amri ya tar hunakili kiungo, si yaliyomo. Kama programu yako huhifadhi hesabu katika My Documents, nakili folda hiyo mbali. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, na faili la mdb likikatikiwa katikati ya kuandikwa huweza kuharibika, UPS ndogo, yaani betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni sehemu ya kazi hii. Afadhali mwenye duka achelewe kununua skrini mpya kuliko kuikosa.

Pale Wine isipofaa

Ukijaribu siku mbili na programu haijasimama, acha. Programu ya zamani kabisa ya DOS, inayofunguka kwa skrini nyeusi, ipeleke DOSBox, chombo kilichoundwa kwa ajili hiyo. Ofisi inayotaka kuandika barua na majedwali tu haihitaji Wine. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, na matoleo mapya ya Microsoft Office husumbua sana ndani ya Wine. Programu inayodai Windows halisi na isiyo na mbadala iwekee kompyuta ya bandia kwa VirtualBox: humo unasakinisha Windows kamili, kwa hiyo utahitaji leseni yake, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 8 ili mifumo miwili iishi pamoja bila kubanana, na nafasi ya makumi ya GB katika diski. Uwezo wa kichakataji wa kubeba kompyuta za bandia mara nyingi huwa umezimwa katika mipangilio ya BIOS, na lazima uwashwe kwanza. Ukiweza, ikatie kompyuta hiyo ya bandia mtandao, kwa kuwa Windows ya zamani haina tena wa kuilinda.

Kwa programu iliyosimama vizuri, mwachie mwenye duka aitumie mwezi mzima huku diski ya zamani ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, na tarehe imeandikwa juu yake. Kuuza na kutoa risiti ni mambo ya kila siku na kasoro zake huonekana upesi. Ripoti ya mwezi, orodha ya wadaiwa na hesabu ya dawa zinazokaribia kwisha muda hufunguliwa mara moja tu kwa mwezi, na huko ndiko hitilafu zilizojificha hupatikana. Rudi siku ya kufunga hesabu, kaa naye mpaka ripoti ya mwisho ichapishwe, mlinganishe jumla yake na daftari la mkono. Zikilingana, ichukue diski ile kutoka katika mfuko uifute.